Mji wa Kumpa Bawabu

Mama alitukataza kumwuliza Obadiah anaondoka lini. Alisema mtu aliyerudi nyumbani ukimwuliza siku ya kuondoka ni kama unamtolea mzigo nje. Sasa mtu kama mimi ukininyima swali, afadhali uninyime chakula. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ubao wa simu pale Voi, kazi ya kuchomeka waya huku na kuchomoa kule, na kazi hiyo ilikuwa imeniharibu. Kutwa nzima nasikia mwanzo wa habari za watu, "Haloo, kaa chini kwanza nikwambie," halafu sheria inasema nitoke kwenye laini. Jioni nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa mianzo tele na mwisho hata mmoja sina. Na nyumbani nako, tangu Julai ya mwaka huo wa 1984, kulikuwa na mwanzo mwingine umekaa sebuleni, mrefu, una ndevu, unakunywa chai. Huyo ndiye ndugu yangu mdogo.

Obadiah alikuwa amekwenda Kanada kusomea mambo ya maji, katika mji unaoitwa Winipegi. Alikaa huko mpaka Baba akafariki tukamzika bila yeye. Aliporudi alikuta ukame umetushika, mifereji ya Voi inatoa upepo, na ofisi ya maji ikawa imemwita zaidi ya mara moja waongee kazi. Nafasi ilikuwepo. Shamba la Mgange, kule juu milimani tulikozaliwa, Mama alikuwa amemkatia Obadiah kipande chake na kutia mawe ya mpaka, akatuonyesha hata upande ambao mlango wa nyumba ya mwanawe utatazama. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mwenyewe. Vitu vya sandukuni mwake hakuvitoa vikaisha. Asubuhi anatoa shati, jioni anarudisha lililofuliwa mle mle, na kabati tulilomwachia liko tupu. Mimi hilo niliona wiki ya kwanza. Mama, nilikuja kujua baadaye, aliona siku ya kwanza.

Tulichotaka sote wawili ni kimoja tu: akae. Hatukuambiana. Mama alipika kimanga, ule muhogo wa kuponda na maharagwe, mara nyingi kuliko kawaida, mimi nikamsifia ofisi ya maji utadhani nimeijenga mimi, na yeye akatabasamu, akala, akashukuru, asiseme lolote. Nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka jibu lidondoke.

Mchezo wenyewe ulitoka ndani ya sanduku hilo. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na Bwana Ndulu amekuja kama ilivyo ada yake. Bwana Ndulu alikuwa jirani yetu wa nyumba za reli, Mkamba wa watu, kazi yake kubadilishia treni njia. Enzi za Baba alikuwa akija kila Jumapili wacheze drafti, na Baba alipofariki yeye hakuona sababu ya kuacha. Alikuwa anacheza na Mama, ambaye hajui drafti wala hataki kujifunza, na anayehamisha kete za mwenzake akiona ziko pabaya. Siku hiyo Obadiah aliwatazama kwa muda, akaingia chumbani, akatoka na kitabu kikubwa chenye picha ya joka na mfuko wa dadu za ajabu. Moja ilikuwa na ncha kama jiwe la kurushia ndege. Nyingine ilikuwa na nyuso nyingi hata ikidondoka inachukua muda kuamua itulie wapi.

"Ubao wake uko wapi?" Bwana Ndulu aliuliza.

"Hauna ubao, Bwana Ndulu. Mimi nawaeleza mko mahali gani, ninyi mnaniambia mnafanya nini, dadu inasema kama mmeweza."

"Na nani anashinda?"

"Hakuna wa kushinda. Mnafika au hamfiki."

Bwana Ndulu alifikiri kidogo, akasema basi huo ni kama reli, akavuta kiti.

Kwanza kila mtu achague atakuwa nani. Bwana Ndulu alichukua shujaa mwenye shoka, bila kuomba maelezo. Mama alisomewa orodha ya watu wa kitabuni akaikataa yote. Uchawi alisema haingii, umoja wa akina mama kanisani ungesikia. Upanga hauwezi. Mwishowe aliamua atakuwa mama mfanyabiashara mwenye punda wa ndizi, na Obadiah akapekua kitabu, asipate mtu wa namna hiyo, akamwandika hivyo hivyo. Mimi alisema nafaa kuwa mwizi. Nilimwuliza kama hivyo ndivyo wanavyosalimia dada zao huko alikotoka. Akaniambia mwizi wa mchezo haibi sana. Kazi yake ni kufungua kufuli na kutega sikio mlangoni kabla wenzake hawajaingia. Hapo nilikubali, maana kazi yenyewe niliiona inanifaa.

Safari ilikuwa hii. Kulikuwa na bonde limekauka. Chemchemi yake ilikuwa juu mlimani nyuma ya lango la mawe, na langoni kuna bawabu ambaye hapigiki, hahongeki, hapitiki kwa mlango wa nyuma. Tukifika tukapita, maji yatashuka. Tusipopita, watu wa bonde watahama. Nchi nzima ilikuwa inaongea habari za maji mwaka huo, kwa hiyo wala hatukucheka. Bwana Ndulu alikuwa akija Jumapili na mipango aliyoifikiria akiwa zamu. Mimi nilikuwa nikitega sikio kwenye kila mlango Obadiah anaoutaja, hata wa choo. Sauti yake ilikuwa inabadilika akisimulia, anakuwa mzee, anakuwa jitu, anakuwa kuku, na katika zile saa za alasiri nilikuwa nampata ndugu yangu mzima mzima, kama hajawahi kwenda popote.

Mama ndiye aliyekuwa akitukwamisha. Tukikaribia mlima, punda wake anachoka. Tukivuka mto, ndizi zinalowa, lazima zianikwe. Mara moja alisimamisha msafara mzima Jumapili nzima akaongea bei na mwanamke wa sokoni ambaye Obadiah alilazimika kumbuni papo hapo, na yule mwanamke akaishia kuwa na watoto, mume mlevi na kidonda mguuni. Bwana Ndulu alikasirika kweli. Mimi nilidhani Mama haelewi mchezo. Kumbe alikuwa anauelewa kuliko sisi: mradi hatujafika, mwanawe hawezi kufunga kitabu.

Lakini mpaka lini? Ikafika Jumapili ya Oktoba. Mawingu yalikuja hadi juu ya kilima cha Sagalla, tukatoka wote nje kuyatazama, yakageuka yakaenda zake. Tuliporudi ndani Obadiah alipangusa vumbi mezani kwa kiganja, akasema, "Leo mko langoni. Mkipita, mchezo umeisha." Halafu akaongeza, bila kumtazama mtu, "Na mchezo ukiisha nina neno la kuwaambia."

Neno lenyewe lilikuwa pale pale, upande wa pili wa mlango wa kubuni, na kazi yangu kwenye mchezo ni kufungua milango. Nilimtazama Mama. Alikuwa anakunja leso yake ndogo, ndogo zaidi, ndogo zaidi. Nikataka kuingia, nikataka pia tusiingie kamwe.

Obadiah alieleza bawabu alivyo. Amekaa kwenye kiti cha jiwe, amezeeka mpaka nyasi zimemwota mabegani, na hainuki. Atauliza mafumbo matatu. Tukikosa hata moja, lango linajifunga na halifunguki tena. Hivyo ndivyo kilivyosema kitabu. Mafumbo ya kitabuni yalikuwa ya Kizungu, ya kucheza na herufi za Kizungu, ukiyatia kwenye Kiswahili yanakuwa uji. Akasema basi atatunga yake. Alijiweka sawa kitini, akashusha sauti mpaka tumboni, na akakosea kosa ambalo mtu yeyote wa huku kwetu angelikosea bila kujua. Alisema, "Kitendawili!"

"Tega," tulijibu sote watatu. Nani angejizuia?

"Napita kwenu kila siku, na ardhi yenu sijaikanyaga."

Bwana Ndulu alicheka peke yake kabla hajajibu, akitaka tumwone anavyofurahi. "Hiyo ni treni. Inakanyaga reli tu. Ikikanyaga ardhi, mimi nimefutwa kazi."

Nilimwambia Obadiah kwamba nchi yenye bawabu wa nyasi mabegani haina treni. Bwana Ndulu akaniuliza mimi ni wa upande gani. Tukabishana hadi chai ikapoa, na bawabu mwenyewe akaamua kwamba amewahi kusikia habari za treni kutoka kwa wasafiri, jibu limekubaliwa.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Bibi kavaa mikanda mingi kiunoni. Akiivua, nguo yake yote inashukia mtoni."

Hapa nilitoka patupu, na Bwana Ndulu alikuwa anamfikiria bibi mwenyewe. Mama hata hakuinua uso. "Huo si mlima wenye matuta? Acha kuyatengeneza matuta uone mvua moja inavyokuchukulia udongo wote. Wewe ulikuwa hutaki kuyachimba ukiwa mdogo, ulikuwa unajificha kwa shangazi yako."

"Ni kweli, Mama," Obadiah alisema, kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akarudi kuwa bawabu, ila kwa shida, niliona.

"Kitendawili!"

"Tega."

Penseli aliyokuwa ameishika aliiweka wima mezani akaitazama. "Nikirudi naondoka," alisema. "Nikiondoka narudi."

"Treni," alisema Bwana Ndulu. "Hii ya Taveta. Inaenda inarudi."

"Siyo. Treni ikirudi imerudi."

"Mlango," nilisema. Siyo. Nikasema msumeno, maana unauvuta unausukuma. Siyo. Bwana Ndulu akasema pumzi. Mimi nikasema usingizi, halafu nikasema kivuli, halafu nikaanza kusema vitu ovyo kama mtu anayepapasa kibiriti gizani. Obadiah alitikisa kichwa kwa kila kimoja, na nikaona kwamba alikuwa haoni raha ya kutushinda. Mtu anayetega kitendawili kizuri huwa anajibana asicheke. Huyu alikuwa amekaa kama anayengoja daktari atoke.

"Basi mmekosa," alisema mwishowe. "Lango..."

"Ngoja," Mama alisema. "Lango lipi? Hujatuomba mji."

"Mama, kitabu kinasema mkikosa linajifunga."

"Kitabu ndicho kimesema kitendawili? Si wewe? Umesema kitendawili, tumekwambia tega. Sasa tukishindwa unatuomba mji, tunakupa, unatuambia jibu. Tangu lini mtu akafungiwa nje kwa kushindwa kitendawili? Hiyo ni tabia gani?"

Bwana Ndulu aliunga mkono kwa nguvu. Alisema hata Ukambani ni hivyo, na kama si hivyo yeye anachukua kofia yake. Obadiah alifungua kitabu, akakifunga bila kukisoma. Alikuwa amejifunga kamba mwenyewe kwa neno moja. "Haya," alisema. "Nipeni mji."

Bwana Ndulu alitoa Mtito Andei kwa mkono mkunjufu, kama ni wake. Bawabu aliukataa. Hilo linaruhusiwa, mtegaji ana haki ya kuchagua, na mara nyingi mji wa kwanza hukataliwa kwa maringo tu. Bwana Ndulu akampa Mombasa. Nani hukataa Mombasa? Bawabu aliikataa.

"Nakupa Voi," Mama alisema.

Obadiah aliilaza penseli. "Mji mwingine."

"Voi ina nini?"

"Haina kitu kibaya, Mama. Bawabu hautaki tu."

"Mji una stesheni. Una barabara kubwa. Una kazi." Neno la mwisho alilisema polepole. "Basi nakupa Wundanyi, kuna baridi kama huko ulikozoea."

"Mji mwingine, Mama."

"Nakupa Mgange."

Mgange si mji, ni kijiji, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumtuliza mtegaji kwa Mgange. Lakini Mama hakuwa anacheza tena. Alikuwa amemwelekea mwanawe, mikono yote miwili juu ya meza, viganja wazi. "Nakupa Mgange na shamba lake. Mawe ya mpaka nimeshatia. Chukua, baba."

Mama alimwita Obadiah "baba" kwa sababu amebeba jina la baba mzazi wa Mama. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo likitoka kwake kama ombi. Bwana Ndulu aliinamisha kichwa akasoma dadu.

"Siwezi kuuchukua, Mama," Obadiah alisema.

Hapo sasa nilijua. Nilijua hatakaa, na Mama alijua, na bado hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Lakini kujua kwamba anaondoka kulikuwa nusu tu ya habari, na nusu ni ile ile ninayopewa kazini kila siku. Kwa nini? Mtu akatae kazi, ardhi na mama yake, kisha awe na uso ule? Anayekimbilia raha hawi na uso ule. Nikarudi kwenye kitendawili chake nikakigeuza upya. Nikirudi naondoka. Nikawaza habari ya mji. Unapompa mtegaji mji anakwenda. Ndivyo tulivyofundishwa sote utotoni: anasema nilikwenda mji fulani, nikafika, nikakuta hiki na hiki, watu wakanipokea hivi na hivi, na jibu ni hili. Anakwenda, kwa maneno yake mwenyewe. Na bawabu akishakwenda mji fulani, pale langoni pamekaa nani?

Nilipoona hivyo nilisisimka mwili mzima, sitadanganya. Kulikuwa na njia ya kupita. Kitabu hakikuijua, na Obadiah alikuwa ameiacha wazi bila kukusudia, au labda alikuwa amekusudia. Ilibaki kuutaja mji mmoja ambao asingeukataa, na mji huo niliujua. Na nilijua pia maana ya kuutaja. Ningenyamaza, angeendelea kukataa, jioni ingeingia, tungesema tumalizie Jumapili ijayo, na tungekuwa naye wiki nyingine, labda mwezi, akitoa shati sandukuni na kulirudisha. Mama angepika. Mimi ningeendelea kujifanya sijui. Nilimtazama uso, nikamhurumia, na udaku wangu nao ukanisukuma. Sijui hadi leo kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

"Nakupa Winipegi," nilisema.

Obadiah aliinua uso. "Umesemaje?"

"Umesikia. Nakupa Winipegi. Chukua mji wako uende, utuachie lango."

Bwana Ndulu alipiga paja. "Huyu msichana ni mwizi kweli. Akienda huko, langoni hakuna mtu. Si tunapita tu?" Alicheka, akatutazama mmoja mmoja, akaona anacheka peke yake.

Mama alinigeukia. Alinitazama kama mtu aliyeona mwenzake akiachia kamba waliyokuwa wanaivuta pamoja. Niliumia.

"Nauchukua," Obadiah alisema.

Alianza kwa sauti ya bawabu, ile ya tumboni. "Nilikwenda Winipegi. Nikafika, nikakuta theluji imefika magotini. Nikasema hapa sikai." Sauti ya bawabu ikamwishia njiani. "Watu wa huko wakanipokea. Wakanipa koti. Nikasoma, nikamaliza, nikataka kurudi. Kulikuwa na msichana anaitwa Mable, wazazi wake watu wa Jamaika. Akanipokea kuliko wote. Nikaoa, Mama. Sikuandika kwa sababu Baba alikuwa mgonjwa, halafu Baba akafa, halafu nikaona nimechelewa kuandika. Tukapata mtoto. Msichana. Jina lake Tryphena."

Tryphena ni jina la Mama. Kwetu mtoto hupewa jina la mzazi wako ili mzazi asiishe, na Mama alikuwa amekaa miaka yote akingoja mmoja wetu ampe huyo mtoto. Alikuwa akitaniwa na wenzake kanisani kwamba jina lake litakufa naye. Sasa leso yake ikawa imefunguka yenyewe magotini.

"Jibu ni mimi," Obadiah alisema. "Nikija hapa nimemwondokea. Nikienda kwake nimewaondokea ninyi. Nimejaribu kukaa, Mama. Miezi hii yote nimejaribu. Ofisi ya maji nimekwenda nikafika hadi mlangoni."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wa madebe matupu, ukalia mpaka mwisho wa barabara. Nilingoja Mama akasirike. Alikuwa na haki, na ningemuunga mkono, maana mimi mwenyewe nilikuwa na hasira: mke, mtoto, jina la Mama, vyote vimekaa Winipegi na sisi hapa tunasifu matuta. Miezi hii yote ningekuwa shangazi.

"Ana meno?" Mama aliuliza.

"Yote, Mama. Anakimbia."

"Anakimbia." Mama alilirudia neno hilo taratibu, na nikajua anahesabu ni muda gani lazima upite mtoto azaliwe, atambae, asimame, akimbie. "Mtu mwenye jina langu anakimbia na mimi sijui."

"Nisamehe."

"Sasa hivi huko ni saa ngapi?"

"Asubuhi. Ndiyo anaamka."

"Akiamka anakuulizia?"

"Mama yake anasema kila siku anauliza."

"Na anamjibu nini?"

Obadiah alifuta uso kwa mkono. "Anamwambia Baba atarudi."

"Hayo hayo," Mama alisema. "Hayo hayo ndiyo mimi nimekuwa nikiwaambia watu hapa, miaka yote hiyo. Atarudi, atarudi. Najua yanavyouma kuyasema. Na mimi ni mtu mzima, nina dada yako Elsie, nina kanisa, nina huyu Ndulu wa kila Jumapili. Yeye ni mtoto." Alisimama, akazunguka meza, akamshika Obadiah kichwa kwa mikono miwili. "Nenda, baba. Usimkalishe mwenye jina langu akingoja."

Obadiah alilia pale mezani, mtu mzima na ndevu zake, na mimi nikalia. Bwana Ndulu alitoka akaenda kusimama nje, akajifanya anatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Hakuna aliyesema kama tumepita lango. Kitabu kilibaki wazi na hakuna aliyekigusa.

Mama hakulia. Alirudi kitini, akamvuta Obadiah karibu, akamwambia amwambie tena jina la ule mji, polepole. Wini. Winipe. Obadiah alilitamka, naye akalifuata, akakosea, akaomba lirudiwe. Alitaka kulijua sawasawa, alisema, watu wakimwuliza mjukuu wake yuko wapi.